Mkanda wa Kiti cha Abiria

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi na milango yote imefungwa, mkanda wa abiria ulipotambaa wenyewe. Ngrrr, kutoka begani mwa kiti hadi mbele karibu na kioo. Ukatulia. Kisha ngrrr, ukarudi.

"Si nilikwambia?" shemeji yake akanong'ona.

Gari lilikuwa la zamani, la ile aina ambayo mikanda yake husukumwa na mota: ukifungua mlango, mkanda unakimbia mbele kwenye reli ili ushuke, ukifunga na kuwasha gari, unarudi kukushika bega. Fundi akasonya, akaanza na swichi ya mlango, maana hiyo ndiyo huchoka kwanza. Ilikuwa nzima. Akachomoa fyuzi. Ngrrr. Akafungua betri, akaiweka chini kwenye saruji.

Ngrrr.

"Huu umeme unatoka wapi?"

Shemeji alitazama pembeni. Dada yake fundi, mke wa huyo shemeji, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mbali na gari, amejizungushia mtandio shingoni katika joto la kuyeyusha lami. Alikuwa msemaji, mtu asiyeweza kukaa gereji bila kumkosoa mtu. Leo hata salamu aliitoa kwa kichwa.

Fundi, hasira zikianza kumpanda, akaing'oa mota nzima, akaitupa mezani. Sasa mkanda haukuwa na cha kuusukuma. Na ukaenda. Safari hii kimya, polepole, kama mtu anayevuta shuka asimwamshe aliyelala, na ulipofika nyuma ukatuna katikati kana kwamba umekumbatia kifua cha mtu, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa garini, ikatoka madirishani, ikawafuata walivyokuwa wakirudi kinyumenyume, na ule uvimbe kwenye mkanda ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, unapumua.

Nyuma yao dada akakohoa. Alikuwa amesimama, mikono shingoni.

Fundi akauvuta mtandio. Chini yake palikuwa na alama nyekundu, pana kama mkanda, na nyuzi zake zimejichapa kwenye ngozi.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mkanda ulinikaba, kaka. Mara mbili." Sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu. "Mara ya pili nilikataa kupanda. Mume wangu akanisukuma ndani."

Fundi akageuka, spana ya magurudumu mkononi. "Ulijua?"

"Aliyeniuzia alisema kiti kile kina mwenyewe. Nikadhani ananitania."

"Na mara ya pili?"

"Nilitaka kuhakikisha tu, shemeji. Labda ni waya..."

"Kuhakikisha! Kwa shingo ya dada yangu! Kwa nini hukukaa wewe, mshenzi wee?"

Spana ingeshuka kichwani mwa mtu kama dada asingeanguka. Fundi akaitupa, akampigia simu mama yao mdogo, ambaye kutoa majini ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifika mbiombio, chetezo mkononi, ubani haujashika moto vizuri.

"Nani wewe?" akafoka. "Taja jina!"

Kinywa cha dada kikajibu kwa sauti nene, ya kivivu. "Jina la nini? Nimepata kiti. Kile cha garini kilikuwa cha kungojea tu."

"Mwache! Hana kosa nawe."

"Sikujichagulia. Nimepewa." Mkono wa dada ukanyooka, ukamwonyesha mumewe. "Huyo ndiye mwenyeji wangu."

Mama mdogo akamgeukia shemeji. "Mwambie aje kwako. Wewe ndiye uliyemkaribisha. Akitoka tu, nami nitamkamata."

Shemeji akatikisa kichwa. Midomo ya mkewe ilishakuwa ya kijivu.

"Mimi kesho nina kazi," akasema.

Fundi hakukumbuka baadaye alivyomshika. Alimkunja ukosi, akamsukumiza kwenye kiti cha abiria, akaubamiza mlango. Mkanda ukamjia polepole. Dada akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Ukate!" mama mdogo akapiga kelele. "Ukate upesi, kabla hajamwingia!"

Kisu kilikuwa mkononi mwa fundi. Alimtazama shemeji yake kupitia kioo, miguu ikirusha mateke, na hakuukata. Mama mdogo alimzaba kofi ndipo akafungua mlango na kuukata.

Shemeji alishuka, akajikung'uta suruali, akaenda zake. Mama mdogo akamkimbilia na chetezo, wapi.

"Umechelewa," akamwambia fundi. "Na ulitaka kuchelewa."

Fundi akakiweka kisu mezani.

Dada akahamia kwa fundi. Asubuhi moja wanakunywa chai, mlango ukagongwa.

"Mke wangu, nifungulie tuzungumze." Ilikuwa sauti ya shemeji, ya unyonge.

Dada akatua kikombe. Kisha, papo hapo mlangoni, ile sauti nene ikasema, "Nifungulie. Kwa huyu hapakaliki."

Fundi akamshika dada yake mkono. Dada akaukung'uta. Akauendea mlango, asiufungue, akaupiga teke kutoka ndani hadi vikombe vikatikisika mezani.

"Mlialikana wenyewe," akasema, meno yameumana. "Kaeni wenyewe!"