Kijiti Ndani ya Feni

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Naandika polepole, nisiruke kitu.

Mimi ni Nguma, fundi wa magari hapa Mjambere. Kanisani ni katekista. Jioni hiyo mdogo wangu Tinga alikuja gereji na Probox yake, mvua imetoka kunyesha.

"Kaka, hita inapiga kelele."

"Hita? Mombasa hii? Unaoka mikate humo?"

Akacheka. "Kioo kinaingia ukungu, bwana. Nikiiwasha, inagonga. Caroline hataki tena kupanda."

Caroline ni mkewe.

Nilizima injini, nikaacha ufunguo umewashwa, nikaiwasha feni, namba moja.

Ko. Ko. Ko.

Kimya...

Ko. Ko. Ko.

Injini imezimwa, basi kelele ilikuwa ya feni yenyewe. Pengine jani limeingia, pengine beringi imekwisha. Nikapandisha hadi namba nne. Kitu kikinasa kwenye feni, ukiongeza kasi nacho huharakisha. Hiki hakikuharakisha. Upepo ulivuma kwa nguvu, mapigo yakabaki yaleyale. Matatu, kisha kimya. Kama mtu anayebisha mlango na kusubiri.

Na harufu. Mnazi uliochacha, na udongo wa kaburi lililochimbwa leo.

"Umemwaga pombe humu?"

"Mimi na pombe, kaka? Haki ya Mungu."

Lakini hakunitazama.

Nilichomoa waya wa betri, nikalala chini ya dashibodi upande wa abiria, nikafungua skrubu tatu. Feni ikashuka mkononi. Kati ya mapanga yake palikuwa na kijiti, urefu wa kidole, kimechongwa pembetatu ndogo ndogo. Kimefungwa uzi mwekundu.

Sisi ni Wagiriama. Nilikijua. Kilikuwa kipande cha kigango, ile nguzo wazee huisimamisha kwa ajili ya marehemu, wakaimwagia mnazi, ili koma yake, roho yake, itulie.

Tinga alinong'ona, "Nipe... nikirudishe."

"Wapi?"

Akanyoosha mkono kukichukua.

Nami, kwa kiburi cha imani yangu, nikasema, "Hizi ni kuni tu." Nikakitupa kwenye jiko la makaa, chini ya birika la chai.

Hakikutoa moshi. Kilikohoa. Kama mzee anayeamshwa.

"Kaka, umefanya nini?"

"Acha uoga. Shikilia feni mahali pake, nitafute skrubu."

Alitii. Alijiingiza chini ya dashibodi, tambara langu la grisi likiwa shingoni mwake. Nilikuwa nimempa ajifute jasho.

Feni ikazunguka.

Waya wa betri ulikuwa unaning'inia mbele ya macho yangu.

Kwanza vidole. Mapanga yale ya plastiki yalimkata viwili kama vitunguu, na matundu ya upepo yakatema damu hadi kwenye kioo. Akapiga ukelele. Kisha tambara likanasa, likajiviringisha, likamkaza. Nilimshika miguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikaita jina la Yesu. Kitu kikavuta upande wa pili.

Ko.

Safari hii kilikuwa kichwa chake.

Ko.

"Nisamehe, babu..." Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Ko.

Shingo ilivunjika. Niliisikia.

Polisi waliandika kuwa ni ajali.

Baada ya mazishi, Caroline alinivuta kando. Macho yalikuwa makavu.

"Shemeji, alikiuza kigango. Alikibeba kiti cha mbele, kimelazwa, ncha ya kigango ikigonga dashibodi njia nzima hadi ikamegeka. Nilimwomba akirudishe. Akasema wewe ndiye uliyemfundisha kuwa ni kuni tu."

"Kigango cha nani?"

"Cha babu yenu. Somo yako, uliyerithi jina lake."

Mnunuzi hatujampata mpaka leo. Nilikwenda nyumbani kwetu, nikaliona shimo kilipong'olewa. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, na maji yale yananuka mnazi.

Ile feni ipo juu ya meza yangu ya gereji, haina waya. Saa kumi na mbili kasorobo hugonga mara tatu, ikanyamaza. Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka. Ilimsubiri aondoke.

Sisemi tena kuni. Ikigonga, napiga magoti palepale kwenye grisi.

Ee Mungu, mpokee Tinga, mdogo wangu, na dhambi ya nilichomfundisha uniandikie mimi. Mpokee na babu yetu, tuliyemng'oa, tukamuuza, tukamchoma kuchemshia chai. Mlaze Tinga. Mlaze Nguma. Amina.