Faili Namba 118

"Lifti imezimwa," sauti ilisema sikioni. "Panda kwa miguu."

Pasi alikuwa ameshafika ghorofa ya pili.

Alipanda ngazi tatu tatu, bastola ya Glock ikimgonga mbavuni chini ya koti jeupe la maabara. Pasi lilikuwa jina la kazi. Walimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kuona shati lake likiwa na mkunjo. Wiki tatu alikuwa ndani ya maabara hii ya serikali ya kupima dawa akijifanya fundi wa hifadhidata. Leo asubuhi nywila yake ilikataa. Mtu alikuwa amemshtukia.

Casio mkononi ilisoma saa tatu na dakika thelathini na moja.

"Shangazi, malori?"

"Yametoka matatu na zile dripu, kila moja na hospitali yake. La kwanza limeshafika hospitali ya watoto." Shangazi ndivyo walivyomwita mkuu wa idara ya ujasusi, mwanamke aliyetoa amri za kutisha kwa sauti ya kuagiza chai. "Dripu zinatundikwa saa nne kamili."

"Wapigieni simu wazizuie."

"Tumepiga. Mfamasia anasema mashine imesoma lebo, hifadhidata ya maabara imesema SALAMA, basi. Nikamwambia mimi ni nani. Akanijibu, mama, hata mimi naweza kujiita yeyote." Akaongeza haraka. "Pasi, mjukuu wangu yumo wodini. Miezi minane, kaharisha siku tatu. Simu ya mama yake imeachwa mlangoni, ndiyo sheria ya wodi. Gari nililotuma limekwama kwenye foleni. Sasa umejua. Kimbia."

Pasi akakimbia.

Ghorofa ya tatu alisimama mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, mkononi mfuko wa dripu. Alikuwa Mkemia Mkuu, na ndiye aliyepiga simu ya siri kwa Shangazi.

"Tazama mwenyewe, mwanangu."

Pasi akatazama. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu cheusi, chenye nyuzinyuzi, kikielea polepole kama manyoya ya paka yaliyolowa.

Ptuu!

Dripu zilizooza. Zilitupwa jalalani katika nchi nyingine, zikaokotwa, zikafutwa vumbi, zikabandikwa lebo mpya, na sasa zinakwenda kuingizwa kwenye mishipa ya vitoto visivyojua hata kukaa. Uovu mwingine mtu unaukasirikia. Huu unakutia kichefuchefu.

"Nimepima mara mbili," Mkemia alisema kwa hasira. "Nikaandika HAIFAI kwa mkono wangu huu. Jana mchana natoka kula, narudi, kompyuta inasema SALAMA. Namwendea Mkuu wa Data, ananiambia, mama, umri ukienda macho huchoka. Mimi! Ananiambia mimi!"

"Nipe huo mfuko, mama."

"Ushike vizuri. Mshono wake unavuja, na unanuka."

Ulinuka kweli. Pasi akauweka kwenye mfuko wa koti, akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaendelea kupanda.

Ghorofa ya nne. Mlango wa kioo. Mlinzi mmoja, kifua kama kabati.

"Wewe, huruhusiwi hu..."

Kitako cha mtungi kilimpata chini ya kidevu. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Pasi akaupiga teke mlango wa Mkuu wa Data.

Chumba kilinukia marashi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa: kalamu kwa urefu, vitabu kwa rangi, vumbi hata la dawa hukuti. Mkuu wa Data alikuwa kwenye kompyuta, akisugua kibodi kwa kiburashi. Kwenye sofa aliketi Mgeni, mfanyabiashara wa ng'ambo mwenye shehena ya dripu zile na suti ya kitani, ambaye Shangazi alikuwa na picha zake kumi na tisa na hakuwa na ushahidi hata mmoja. Alikuwa anakula biskuti.

Mkono wa Mgeni ukazama kwenye koti. Beretta ikachungulia.

Pasi akabana mtungi. Poda nyeupe ilimjaa Mgeni machoni, puani, mdomoni juu ya biskuti. Risasi ikatoboa dari. Pasi akamkanyaga kifundo cha mkono, bastola ikaruka, ngumi moja, Mgeni kimya.

Mkuu wa Data alirukia dirisha. Pasi alimvuta kwa ukosi, glasi ya maji ikavunjika mezani, wakaangukia vipande. Sekunde nane baadaye mtu huyo nadhifu alikuwa amefungwa pingu kwenye mguu wa meza, akinyonya kidole kilichokatwa.

"Umechelewa, kijana," alisema.

Saa tatu na dakika arobaini na nne.

Kompyuta ilikuwa wazi. Pasi akaitafuta shehena ile. Mistari mia sita na kumi na miwili, kila mstari katoni moja, na kila mmoja umeandikwa SALAMA. Akaubadilisha wa kwanza kwa mkono: HAIFAI. Mstari ukakubali.

Sekunde mbili. Ukarudi SALAMA.

"Pasi?" Shangazi sikioni.

"Nipo. Subiri."

Alijua kwa nini. Katika maabara hii majedwali ya data hayakuguswa kwa mkono. Umbo la kila jedwali, la sampuli, la vipimo, la majibu, liliandikwa kwa msimbo, na programu mkalimani iliusoma msimbo huo na kulijenga jedwali ndani ya hifadhidata. Mtu akitaka kubadilisha kitu, hata safu moja, anaandika faili lenye namba. Nusu ya juu ya faili inasema unafanya nini. Nusu ya chini inasema namna ya kukifuta ukijuta. Mafundi wengi, kwa uvivu tu, nusu ya chini huiacha tupu.

Akafungua faili la mwisho. Namba 118, la jana, saa saba mchana.

Nusu ya juu: hamisha majibu yote ya Mkemia kwenye jedwali la pembeni, lisiloonekana. Tengeneza safu mpya ya majibu. Kila kitakachoingia humo kisomeke SALAMA.

Akashuka chini kwenye ukurasa, akitegemea kukuta utupu.

Hakukuwa na utupu. Kulikuwa na mistari kumi na mitano, imenyooka, ina maelezo, mpaka nukta zake zimewekwa. Futa safu mpya. Rudisha majibu ya awali, moja baada ya jingine.

Pasi akamgeukia.

"Umeandika njia ya kurudi?"

Mkuu wa Data aliinua kidevu. "Miaka kumi na minne nawafokea watu kwa kuacha nusu ya chini tupu. Ulitaka mimi niiache? Kazi ya ovyo siwezi kuandika."

Tobaa! Mtu huyu aliona aibu kuacha faili nusu. Kuoza kwa dripu hakukumpa aibu. Watoto hawakumpa aibu. Pasi alihisi mate yakimjaa mdomoni, akayameza, akaandika amri moja: rudi hatua moja.

Enter.

Mshale ukazunguka. Mia moja. Mia tatu. Mia sita na kumi na mbili.

HAIFAI. HAIFAI. HAIFAI. Skrini nzima.

"Shangazi, imerudi. Waambie wauguzi wasome lebo tena kitandani."

"Husoma kabla ya kumuunganisha mtoto. Ngoja."

Akangoja. Saa tatu na dakika hamsini na sita. Hamsini na saba. Hamsini na tisa.

"Pasi." Sauti ya kuagiza chai ilikuwa imekauka kabisa. "Mashine imepiga kelele wodi nzima. Mifuko sita ilikuwa imeshatundikwa, lakini haijaunganishwa. Wameishusha yote. Wa kwangu alikuwa wa nne, muuguzi alikuwa anamtafutia mshipa." Akavuta pumzi. "Malori yale mengine mawili yamezuiwa. Lori la jeshi limefika na dripu nzima. Polisi wanapanda kwako sasa hivi."

Pasi akautoa ule mfuko kwenye koti. Ulikuwa ushahidi. Akauweka katikati ya meza ile safi, mbele ya macho ya mwenye meza.

"Toa uchafu huo hapa!"

"Utakaa nao mpaka polisi waingie."

Mshono ulikuwa unavuja. Maji yakatiririka mpaka ukingoni, yakadondoka. Tone moja. La pili lilitua kwenye kidole chenye jeraha.

Mkuu wa Data alipiga yowe. Alisugua kidole kwenye suruali, kwenye zulia, kwenye ukuta, pingu zikilia, machozi yakimtoka.

"Yameingia! Yameingia kwenye damu! Nitakufa! Nipelekeni hospitali!"

Pasi alikuwa ameshafika mlangoni. Akanyoosha ukosi wa shati, akageuka.

"Ipi?" aliuliza.

Akaufunga mlango nyuma yake, akashuka ngazi moja moja.