Tembo wa Liech

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damaris alikuwa na kazi mbili za kuanika. Kwanza alianika omena, dagaa wa ziwani, wa mama yake juu ya wavu, huku akifukuza kunguru kwa mkono na kuku kwa mguu. Kisha alipanda juu ya pipa la maji, akaanika betri za redio kwenye bati la jikoni. Kila mtu pale Karungu alijua kwamba betri iliyochoka ikipigwa na jua hupata nguvu kidogo. Katika nyumba ile nguvu kidogo ilitosha kusikiliza habari, mahubiri, na mara moja moja kaseti ya Zadock.

Zadock alikuwa kaka mkubwa wa Damaris. Mwaka wa 1995 alipata nafasi ya kusomea uhandisi mjini Vienna, nchini Austria. Badala ya kuandika barua, alijirekodi kwenye kaseti na kuituma nyumbani. Alidai kwamba vidole vyake vilichoshwa na masomo. Mama alisema ni uvivu tu, lakini kaseti ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuketi mbele ya redio, tena akiwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha kwenda kanisani.

Kaseti ya mwaka uliofuata ilikuwa tamu kuliko zote, kwani Zadock alikuwa ametumia likizo yake kuzunguka Ulaya kwa treni. Alisimulia kuhusu Venice, mji ambao barabara zake ni maji matupu, na wageni hulipa pesa nyingi kuzungushwa kwa mashua.

"Wanalipa?" aliuliza Dani, nyanya yao. "Waambie waje hapa Karungu. Nitawapandisha mimi, na makasia watapiga wenyewe."

Zadock akafika Paris, akaketi katika hoteli, akaletewa sahani ya konokono. Hapo Mama, Msabato asiyecheza na mambo ya vyakula, alinyoosha mkono akaizima redio.

"Kwanza tumwombee," alisema. "Huyu mtoto akiachwa hivi, atarudi akiwa amekula na chura."

Waliomba. Redio ilipowashwa tena, ikawa Zadock hakuwala wale konokono. Aliwasukuma kwa mtu wa meza ya pili, yeye akala mkate. "Mnaona? Maombi yamejibiwa," alisema Mama, ingawa safari ile ilikuwa imekwisha wiki nyingi kabla ya maombi.

"Wakati wa kurudi," sauti ya Zadock iliendelea, sasa nzito na ya kujikokota kwa sababu betri zilikuwa zinazimia, "treni yetu ikaingia nchi moja ndogo sana iitwayo Liech..."

Redio ikasema krrr. Utepe ulikuwa umetafunwa, na Damaris alipojaribu kuukunjua kwa kalamu ukakatikia mkononi mwake. Hakuna aliyesikia yaliyofuata.

Sasa, kwa Kijaluo liech ni tembo. Kwa hiyo Damaris alielewa kama ambavyo Mjaluo yeyote angeelewa: huko Ulaya kuna nchi iitwayo Tembo. Kufikia hapo hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa amesikia nusu ya neno, basi.

Kesho yake aliwaambia wenzake wa darasa la sita.

"Nchi inaitwa Tembo?" aliuliza Mirumbe. "Kwani iko na tembo?"

Mirumbe alikuwa Mkuria, mtoto wa askari polisi aliyehamishiwa Karungu. Mahindi ya babu yake yalikuwa yamewahi kukanyagwa na tembo, kwa hiyo habari za tembo zilimgusa kuliko wengine. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa "sijui." Ni neno fupi, nalo halilipiwi. Lakini darasa zima lilikuwa limemgeukia Damaris, na Damaris alipenda sana kugeukiwa.

"Wako wengi," alisema.

"Na ile baridi ya Ulaya?"

"Wanavaa sweta."

"Nani anawafumia?"

"Akina mama wa Dorkas," alijibu Damaris bila kupepesa macho, kwani kanisani kwao Dorkas ndio waliowavisha wasio na nguo. "Kila kanisa lina tembo wake."

"Na mkonga?"

"Mkonga una soksi yake."

Darasa likapiga makofi. Mirumbe peke yake alitikisa kichwa. "Wacha mimi nione kwanza," alisema.

Maneno hayo hayakukaa darasani. Yalimfikia Mwalimu Monari, aliyefundisha jiografia. Mwalimu Monari alitoka Kisii, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu na bei ya samaki. Tena ramani ya Ulaya pale shuleni ilikuwa imeliwa na mchwa, kuanzia Ureno hadi karibu na Urusi, kwa hiyo hapakuwa na pa kutazama. Basi alijishika kidevu, akawaza. Ikiwa Afrika Magharibi kuna nchi iitwayo Ivory Coast kwa sababu ya pembe za ndovu, kwa nini Ulaya isiwe na nchi iitwayo Liech kwa sababu ya ndovu wenyewe? Aliona haya kumwendea mwanafunzi wa darasa la sita na kumwuliza vizuri. Alilifundisha jambo hilo vilevile alivyolisikia.

Mwezi wa Julai ulipokaribia kwisha, shule ilitakiwa kumpeleka mwanafunzi mmoja mjini Homa Bay kwenye shindano la chemsha bongo. Mwalimu Monari alitunga mtihani wa kumchagua, na mojawapo ya maswali lilisema: *Ni nchi gani ya Ulaya yenye tembo?* Darasa zima liliandika "Liech." Mirumbe aliandika: "Hakuna. Wangekufa kwa baridi." Akatiwa mkasi mwekundu wa kosa. Matokeo yalipotoka, Damaris alikuwa wa kwanza, na Mirumbe wa pili, nyuma yake kwa alama moja tu.

Damaris hakuwa amewahi kufika Homa Bay. Aliambiwa angelala katika shule yenye umeme, na kwamba kwenye chakula cha mchana kungekuwa na soda. Usingizi ulimpaa. Alifua sare yake siku ya Jumatatu, akaifua tena Jumatano ingawa haikuwa imevaliwa.

Alhamisi, kama ilivyotarajiwa, Zadock akaja nyumbani kwa likizo.

Mama alilia, Dani akapiga vigelegele, jogoo mmoja akaaga dunia. Walipokuwa wakila, Damaris alitoa habari yake kwa kujivuna.

"Kesho umealikwa shuleni kwetu, Zadock. Mwalimu Monari anataka uwaambie wanafunzi kuhusu wale tembo."

Tonge lilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Tembo gani?"

"Wa Liech. Si ulisema kwa kaseti?"

"Liech..." Zadock alirudia. "Liech..." Kisha akaweka tonge chini, akacheka hadi akashika ukuta. "Liechtenstein! Nyamera, dada yangu, hilo ni jina la Kijerumani. Halina undugu wowote na liech wetu!"

"Lakini tembo uliwaona?"

"Hata mbuzi sikuona. Nilikuwa nimelala! Ndivyo nilivyosema kwenye kaseti. Niliingia nchi hiyo nikikoroma, nikatoka nikikoroma. Kondakta aliponiamsha tulikuwa tayari Austria."

Dani na Mama walicheka pia. Damaris hakucheka. Alingoja hadi wazee walipoinuka, akamsogelea kaka yake.

"Zadock, tafadhali. Si useme tu walikuwa wawili."

"Nini?"

"Basi mmoja. Mmoja tu, mdogo."

"Damaris, kuna nini hapa?"

Ikabidi aseme yote. Alipofika kwenye sweta na Dorkas, Zadock alijiuma midomo asicheke. Alipofika kwenye soksi ya mkonga, alishindwa kabisa. Lakini aliposikia habari za mtihani, kicheko kilimtoka usoni.

"Kwa hivyo huyo Mirumbe aliandika ukweli akakosolewa?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaenda Homa Bay kwa alama yake."

Damaris aliangalia chini. Mpaka wakati ule hakuwa ameliona jambo hilo kwa macho hayo. Lilimuuma, na la kuuma zaidi ni kwamba bado alitaka kwenda.

"Mimi siwezi kusema niliona kitu ambacho sikuona," alisema Zadock. Sauti yake haikuwa kali. "Nikiulizwa, nitajibu kweli. Lakini mgeni huongea mwisho, baada ya matangazo. Ukitaka, tangulia. Jambo hili likitoka kinywani mwako, litakuwa kosa ambalo umelisahihisha. Likitoka kinywani mwangu, litakuwa uongo ulioshikwa."

Asubuhi wanafunzi walipanga mistari mbele ya ofisi. Mwalimu Monari alikuwa amevaa tai. Alimtambulisha Zadock kwa maneno marefu, akamwita "mwana wa Karungu aliyeyaona ya Ulaya kwa macho yake mawili," na kusema kwamba leo wale wenye mashaka, yaani wote wanaofanana na Mirumbe, watasikia wenyewe habari za tembo wa Liech.

Damaris aliinua mkono. Alitamani ardhi impasukie aingie. Hata hivyo alitoka mbele.

"Mwalimu, hakuna tembo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akaikaza. "Nchi inaitwa Liechtenstein. Mimi nilisikia Liech kisha kaseti ikatafunwa. Mirumbe aliponiuliza kama kuna tembo, nilikuwa sijui, nikasema wako. Sweta nilitunga. Dorkas nilitunga. Soksi pia nilitunga. Kaka yangu hakuona kitu, alikuwa amelala."

Halafu mtoto mmoja wa darasa la kwanza akauliza kwa sauti, "Sasa tembo wamevuliwa sweta?" Uwanja mzima ukalipuka. Mwalimu mkuu alijifunika uso kwa daftari la mahudhurio, na mabega yake yakatikisika.

Kelele zilipopungua, Mirumbe aliinua mkono kwa adabu. "Mwalimu, na ile alama yangu?"

Wakacheka upya. Mwalimu Monari ndiye pekee aliyebaki kama alivyokuwa. Angeweza kumgombeza Damaris, na watu wangemwelewa. Badala yake alilegeza tai, akashusha pumzi.

"Mirumbe aliandika jibu sahihi," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Alama yake itarudishwa, na wote walioandika Liech wataondolewa yao."

Hesabu haikuhitaji kalamu. Mirumbe ndiye angekwenda Homa Bay.

Damaris alishikilia machozi mpaka mistari ilipovunjwa, kisha akaenda nyuma ya jiko la shule akalia kweli kweli. Alililia umeme, alililia soda, aliililia sare aliyoifua mara mbili. Zadock alimfuata, akaketi kando yake juu ya kuni.

"Inauma?" aliuliza.

"Sana."

"Najua. Lakini hebu niambie, unaogopa mtu yeyote leo?"

Damaris alifikiri, akafuta pua. Tangu Zadock arudi alikuwa akiogopa kila mtu. Sasa hakumwona hata mmoja wa kumwogopa, na moyo wake ulikuwa mwepesi, ingawa bado aliitaka ile soda.

Mirumbe alikwenda, akashika nafasi ya tatu. Jumatatu alisimama mbele ya darasa kueleza safari yake, mikono nyuma, kifua mbele. Alieleza kuhusu taa za umeme, kuhusu maswali yaliyomtoa jasho, na kuhusu soda, habari ambayo Damaris aliisikiliza akiwa ameangalia dirishani. Makofi yakampanda Mirumbe kichwani.

"Na pale Homa Bay," aliongeza, "wavuvi wanatoa mbuta mkubwa kuliko mtumbwi!"

Damaris aliinua mkono. "Ulimwona mwenyewe, au uliambiwa?"

Mirumbe alifungua mdomo. Akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Niliambiwa," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, akamalizia. "Na aliyeniambia pia aliambiwa."

Darasa likaanguka kwa kicheko, na Damaris akacheka kuliko wote. Mwalimu Monari alichukua chaki, akaliandika swali la Damaris ubaoni kwa herufi kubwa, akalipigia mstari.

"Watoto wangu," alisema, "kusikia vibaya si dhambi. Hilo ni jambo la masikio. Damaris alikosea pale alipoulizwa asilolijua, akaona haya kusema sijui. Nami nilikosea pale nilipoambiwa nisilolijua, nikaona haya kuuliza. Haya mbili zikakutana, na Mirumbe akanyimwa haki yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata hiyo njia fupi ina watu wanaokanyagwa. Anayesema sijui leo, kesho atafundishwa. Anayeliogopa neno hilo, atafuma sweta za tembo mpaka azeeke. Kuna swali?"

Mirumbe, akiwa bado amesimama mbele, akainua mkono.

"Mwalimu, hao watu wa Liechtenstein wanalima nini?"

Mwalimu Monari alijishika kidevu. Darasa zima likamtazama.

"Sijui," alisema. "Nitauliza, niwaambie kesho."