Nusu Sauti Chini

Fidla haishuki yenyewe nusu sauti kamili, nyuzi zote nne, siku tisa mfululizo. Uzi mmoja, sawa, baridi ya Februari ya ughaibuni yaweza kuulegeza. Lakini nne, kwa kipimo kimoja? Veronica alizikaza mpaka vidole vikamuuma, akaiweka mezani, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi ilikuwa imeshuka tena.

"Konseto yako ya usaili ilipotungwa, miaka mia tatu iliyopita, watu walipiga chini hivyohivyo," mwalimu wake, Anselmo, alimwambia kwenye simu akicheka. "Labda fidla yako inakumbuka."

Veronica hakucheka. Kesho yake alikuwa na usaili wa okestra, nafasi moja tu. Miaka sita amefunga watu vidonda hospitalini Flemingsberg na kurudi kupiga fidla, miaka sita ya kuambiwa bado kidogo. Yalikuwa yamemfika kooni.

Akakaza, akapiga. Sehemu ya kwanza ilikwenda: kibwagizo kinaingia kwa kishindo, fidla inachomoka mbio peke yake, kibwagizo kinairudisha, inachomoka tena. Kisha ikaja sehemu ya polepole, ambayo mtunzi ameandika noti chache tu na kumwachia mpigaji ajaze mapambo mwenyewe. Na hapo, saa sita mchana, majirani wa mtaa wake wa Sundbyberg wakipita chini ya dirisha na mifuko yao ya sokoni, harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma ikapanda kutoka matundu ya fidla, na mapambo yakaanza kujijaza, vidole vyake vikipiga asichowahi kujifunza, hadi kati ya noti mbili ndefu ikasikika pumzi, na ndani ya pumzi neno.

"Kiti."

Hasira ilitangulia hofu. Si husemwa jini hafukuzwi, huulizwa shida yake akapewa? Akaburuta kiti cha jikoni hadi katikati ya chumba.

"Haya, kiti nimekupa! Ni chako. Niachie fidla yangu!"

Nyuzi zikajikaza zenyewe. Saa nzima hazikushuka. Kwa furaha akampigia shangazi yake wa mtaa wa Hjulsta, Bi Kamila, ambaye ujanani kule Pangani alikuwa msaidizi wa mganga wa pepo.

"Shikamoo shangazi. Kulikuwa na jini kwenye fidla. Kaomba kiti, nimempa, katulia!"

"Marahaba." Shangazi alishusha sauti. "Kiti gani, Vero?"

"Cha jikoni."

"Ulimwambiaje?"

"Kiti nimekupa, ni chako."

Shangazi akanong'ona haraka: "Mwanangu, jini hakalii ubao. Kiti chake ni mtu, yule anayempanda kichwani. Sema hujakubali. Sema sasa hivi!"

Veronica alifungua kinywa aseme. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, tulivu, nusu sauti chini.

"Ameshakubali, Kamila. Usitusumbue, kesho tuna usaili."