Ukuta Ulioishia Nusu

"Mimi hapo siingii," nilimwambia Mwalimu.

Lori lilikuwa limeshasimama na wenzangu walikuwa wanashusha sepeto na matoroli. Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu aliyekuwa anaongoza kikosi chetu cha kujitolea, akaiangalia karatasi yake, akaliangalia geti, kisha akaniangalia mimi.

"Leo siku ya tisa unaingia nyumba za watu. Umebeba mafriji yaliyooza hadi wanaume wakakimbia, wewe hukunung'unika. Hapa kuna nini?"

"Hapa nilikuwa naishi."

Akavua miwani.

"Ndiyo kwa yule bwana mliyeachana?"

"Kwa mama yake. Ndiyo."

"Basi kaa kwenye lori. Nitasema mgongo unakuuma."

Nikakaa. Kimbunga kilikuwa kimepita wiki mbili nyuma, mto ukafurika, na maji yakakaa mtaa ule siku nne. Kwenye ukuta wa mbele alama yake ilikuwa bado inaonekana, mstari wa kahawia uliopita juu kidogo ya dirisha la jikoni. Dirisha lile nililifuta mimi kila Jumamosi kwa miaka sita. Nikageuza uso upande mwingine nisilione.

Nilipogeuka tena, vijana wawili walikuwa wanalivuta kabati la vyombo la Mama mkwe kuelekea rundo la takataka kando ya barabara. Miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta niko chini.

"Hilo msitupe. Ni mbao ngumu, likikauka kivulini litapona."

"Nani kasema litapona?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Aliyekuwa mume wangu kila mtu alimwita Nyaya, kwa sababu kazi yake ni kupanda nguzo za umeme. Mimi waliniita Sindano kwa ajili ya cherehani. Wakati tunaoana watu walicheka sana, wakasema mmoja atashona na mwingine ataunguza. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, tope hadi magotini, amekonda, ndevu zina mvi mbili tatu. Miaka minne sikuwa nimemwona.

"Sindano."

"Nyaya."

"Sikujua uko kwenye hiki kikosi."

"Na mimi sikujua mpo kwenye orodha. Mama yuko wapi?"

"Kwa dada yangu. Mzima kabisa. Walimtoa kwa boti, amekumbatia redio."

Nikacheka kabla sijajizuia.

"Ile redio inaongea siku hizi?"

"Haijaongea tangu mwaka juzi. Si unamjua."

Namjua. Nikavaa glovu, nikavuta barakoa juu ya pua, nikaingia.

Nyumba iliyokaa na maji ina harufu yake, na kwa siku tisa nilikuwa nimeizoea. Ile ya pale sikuizoea, maana chini yake nilikuwa naitafuta harufu nyingine, ya sabuni ya Mama na nguo zilizopigwa pasi. Zulia la sebuleni tulilitoa watu sita. Magodoro yalikuwa mazito kama yamejazwa mchanga. Milango imevimba, droo zimegoma kufunguka. Kila chumba nilikuwa najua kuna nini kabla ya kufika.

"Hapa ndipo ulipoangukia na sahani kumi na mbili," Nyaya akasema tulipokuwa tunakwangua tope jikoni.

"Nane."

"Mama anasema kumi na mbili."

"Mama alikuwa anaongeza mbili kila mgeni akija. Mara ya mwisho nilipokuwepo zilikuwa kumi."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anaziba macho kwa kiganja, kama mtu anayekinga jua. Zamani tulikuwa tunacheka hivyo mezani hadi Mama anatufukuza, anasema tutamaliza hewa ya nyumba. Asubuhi Nyaya alikuwa anatoka na ngazi yake, mimi nakaa na cherehani yangu dirishani, Mama anakaa pembeni yangu anachagua vifungo na kunisimulia mambo ya watu ambao walishakufa wote. Jioni nikisikia buti za Nyaya nje, mguu wangu ulikuwa unaacha wenyewe kukanyaga. Nilidhani maisha ndivyo yalivyo kwa kila mtu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikavua glovu moja, nikasoma.

"Vipi fundi? Jumapili nije kwa dada yako na wazee wangu, au nije peke yangu kwanza? Nasubiri jibu lako."

Alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa mkabala na kibanda changu cha kushonea. Mtu mzuri, sina neno baya juu yake. Alikuwa ameniposa wiki iliyotangulia kimbunga, na mimi nilikuwa nimeomba nifikirie.

"Kazi?" Nyaya akauliza.

"Mtu."

Hakuuliza tena. Akachukua sepeto, akaenda upande wa vyumbani. Nikabaki na simu mkononi, sijajibu.

Baada ya muda nikamsikia anaita, sauti ya chini.

"Njoo unisaidie hili kabati. Peke yangu haliendi."

Kilikuwa chumba kidogo cha mwisho. Nilisimama mlangoni. Chumba kile kilikuwa kiwe cha mtoto wetu.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, na hakulia. Nililala hospitali siku tatu, na siku zote tatu kila mlango wa wodi ulipofunguka niliinua kichwa. Nyaya alikuja siku ya tatu, pamoja na Mama. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema nje kuna mvua. Tuliporudi nyumbani chumba kile kilikuwa na kabati kubwa la nguo, na hakuna aliyekitaja. Nilivumilia miezi miwili. Kisha nikaondoka, na karatasi za talaka zikafuata.

"Shika huku," akasema. "Tulisogeze polepole, limeoza chini."

Tukavuta. Kabati likatoka ukutani likiacha vipande vyake sakafuni, na nyuma yake ukuta ulikuwa wa manjano, manjano ya yai. Rangi ilianzia kona ya dirisha, ikaja, ikaja, kisha ikaishia katikati ya ukuta, ikiwa na michirizi ya brashi mwishoni.

Niliuangalia kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

Nyaya aliegemeza sepeto ukutani. Likaanguka. Hakuliokota.

"Nilitaka ukirudi toka kliniki ukute tayari. Nilipaka ukiwa umetoka, ili usijue."

"Siku ile?"

"Siku ile. Simu ya hospitali ilinikuta juu ya ngazi, hapo hapo inapoishia. Nesi akaniambia. Nikashuka, nikavaa shati, nikafika getini. Nikarudi."

"Ukarudi kufanya nini?"

"Kuosha brashi."

"Nini?"

"Niliona brashi itakauka. Nikaenda bombani nikaiosha. Ikatakata, nikaendelea kuiosha. Mama alirudi jioni akanikuta bado naiosha. Kesho yake nikaamka nikasema leo naenda, nikafika kituoni, nikarudi tena. Sindano, mimi napanda nguzo mvua inanyesha. Lakini kuingia ile wodi nikuone umelala peke yako, nilishindwa. Kisha nikaona aibu kwa sababu nimeshindwa. Na aibu ikazidi kila siku, mpaka nikawa siwezi hata kukutazama."

"Na kabati?"

"Nililisukuma mimi, usije ukauona."

Nilikuwa nimeishi miaka minne nikijua jambo moja, kwamba yule mwanamume hakuumia. Nilikuwa nimejenga maisha yangu juu ya jambo hilo. Ndilo lililoniwezesha kupanga chumba, kufungua kibanda, kulala.

"Nilidhani hukujali," nikasema.

"Najua ulidhani."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Ningesema nini? Kwamba mke wangu yuko hospitali na mimi naosha brashi?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo. Ningekukasirikia wiki nzima, kisha tungelia pamoja."

Nyaya akainama, akashika toroli lililojaa tope.

"Ngoja nikamwage hili."

"Liache."

"Narudi sasa hivi."

"Nyaya, unaona unachofanya? Ndicho ulichofanya getini. Liache hilo toroli, ukae."

Akaliachia. Akageuza ndoo ya rangi iliyokuwa imeelea na kubaki kona ile, akakaa juu yake. Mimi nikakaa sakafuni kwenye tope. Nikalia. Sikuwa nimelia mbele yake hata mara moja, hata siku ya kuondoka nilijikaza kisabuni. Nililia kwa sauti mbaya, barakoa ikiwa shingoni, pua inatiririka. Nje lori likapiga honi ya mapumziko. Wenzetu wakapita ukumbini, mmoja akachungulia, akaondoka. Nyaya hakuinuka. Baadaye nilipomwangalia, na yeye alikuwa analia, ameziba macho kwa kiganja.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?" akauliza. "Sikuwahi kuuliza."

"Wa kike. Alikuwa na nywele nyingi."

Akatikisa kichwa juu na chini mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kutafuta namna ya kuushika.

Simu yake ikalia. Akapangusa mkono kwenye suruali, akaiweka kwenye spika.

"Umetoa kabati langu la vyombo?" Mama akauliza bila salamu.

"Limetoka, mama. Liko kivulini."

"Nani aliyelihurumia? Wewe ungelitupa."

Nyaya akanitazama. Nikasogea karibu na simu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

Upande wa pili nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Mimi nani?"

"Sindano."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Nilikwenda sokoni nikakuacha umekaa kwenye cherehani. Nikarudi, nikakuta ufunguo mezani."

"Nisamehe, mama. Ningekuona nisingeweza kuondoka."

"Ndiyo maana ungeningoja."

Nilikuwa nimehesabu kwamba niliyemwacha ni mmoja.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie huyo asikukalishe na njaa. Na wewe usishike sahani zangu, zile kumi na nne ulizovunja zinatosha."

Akakata simu. Tukatazamana, tukacheka huku tumelowa machozi.

Jioni ile nilimpigia mfamasia badala ya kumwandikia. Nilimwambia asije, wala peke yake wala na wazee. Akauliza kama ni yule wa zamani. Nikamwambia sijui kama ni yeye, ila najua kwamba moyo wangu hauko huru, na mtu mwema kama yeye hastahili kupewa nusu. "Nashukuru umenipigia," akasema. Kesho yake alinisalimia kama kawaida kutoka upande wa pili wa barabara, na mimi nikainama kwenye kitambaa kwa aibu.

Sikurudi kwa Nyaya siku ile, wala wiki ile. Kikosi kilihamia mtaa mwingine, na mimi nilihama nacho. Ila siku za mapumziko nilikwenda kumsaidia kubandua plasta iliyooza na kuacha kuta zikauke. Tuliongea. Mengine hayakuwa mazuri. Siku moja nilimrushia glovu nikaondoka. Akanifuata hadi barabarani, akasema, "Kasirika, lakini kasirika hapa ndani, na mimi nikiwepo." Nikarudi.

Kilichonifanya niamue ni ujumbe. Ilikuwa mchana, niko na mteja ninampima kiuno, simu ikatetemeka.

"Leo niko juu ya nguzo mbele ya shule. Watoto wa darasa la awali wametoka. Nimemkumbuka. Sikutaka kukaa nalo peke yangu."

Nilimwomba mteja radhi, nikatoka nje.

"Na mimi namkumbuka," nikaandika. "Jumapili njoo kwa dada yangu. Njoo na mama."

Walikuja. Dada yangu, ambaye alikuwa ameapa kumfungia mlango, alimtazama Mama anavyonishika mashavu, akaenda mwenyewe kuleta viti.

Tulifunga ndoa ofisini kwa msajili, siku ya kazi, asubuhi. Mwalimu alikuja na kikosi chote, wengine na mabuti ya mpira kwa sababu kulikuwa na nyumba ya kwenda baadaye. Msajili alikuwa kijana mpole. Alisoma majina yetu, akaona tuliwahi kuandikwa kwenye daftari lile lile, akajifanya hajaona.

"Kuna yeyote mwenye pingamizi?" akauliza.

Mama akasimama. Ukumbi wote ukamgeukia.

"Pingamizi sina, mwanangu. Nina sharti."

"Sharti gani, mama?"

"Wakikosana tena, atakayefungasha ni huyu wa kiume. Binti anabaki na mimi."

Msajili akamtazama Nyaya, hajui acheke au la.

"Bwana harusi, unakubali?"

"Nakubali," Nyaya akasema.

"Basi liandike," Mama akamwambia msajili, akavuta kiti karibu na meza. "Nitaweka sahihi."