Jina Kwanza, au Pumzi Kwanza?

Bikombo yuko kwenye matumbawe na Shangazi Zuwena na Mwalimu Faki. Maji yamekupwa. Yanafika magotini tu.

Shangazi amepata samaki. Mdogo! Mdogo kama kidole cha mwisho. Mgongo wa buluu, mkia wa manjano.

"Samaki huyu hayumo vitabuni," anasema Shangazi. "Hana jina la kisayansi."

Samaki yumo ndani ya chupa ya kioo. Anafungua mdomo, anafunga. Pwa, pwa, pwa.

Shangazi ameshampima. Mwalimu Faki ameshampiga picha. Sasa wanatafuta jina. Jina la maneno mawili, la kutumiwa dunia nzima.

"Tumwite kwa rangi yake," anasema Shangazi.

"Aa, tumwite kwa kisiwa chetu!" anasema Mwalimu Faki.

"Rangi!"

"Kisiwa!"

Jua linawaka. Bikombo anagusa chupa. Lo, ina joto!

"Shangazi, mrudishe!"

"Ngoja, mwanangu. Nikimtazama ndipo jina linapokuja."

Moyo wa Bikombo unadunda. Du, du, du.
Jina kwanza, au pumzi kwanza?

"Basi tumwite kwa jina la mwalimu wangu wa zamani," anasema Mwalimu Faki.

"Yule mkali? Samaki mzuri hivi!"

Wanacheka. Bikombo hacheki. Samaki amelala ubavu. Pwa... pwa...

Jina kwanza, au pumzi kwanza?

Bikombo anasimama mbele yao. Mikono kiunoni.

"Mdogo wangu Hamdu alipozaliwa, alinyonya, au alisubiri jina?"

"Alinyonya," anasema Shangazi.

"Jina alipewa lini?"

"Siku ya saba. Ndiyo mila yetu."

"Kabla ya hapo hakuwa na jina. Mlimnyima maziwa?"

Mwalimu Faki anakuna kichwa.

"Basi na huyu apewe maji yake. Sasa hivi!"

"Haya, bibie," anasema Mwalimu Faki. "Umetushinda."

Shangazi anainamisha chupa. Chubwi!

Samaki hasogei.

Bikombo anamshika Shangazi mkono. Anaubana sana.

Mkia unatikisika kidogo. Kidogo tena. Mara, shwaa! Ameingia tunduni.

Bikombo anapumua. Fyuuu.

Usiku, Shangazi anamfunika shuka.

"Shangazi, samaki amelala?"

"Amelala kwake, tunduni."

"Anajua mnamtafutia jina?"

"Hajui."

"Vizuri," anasema Bikombo, huku akifumba macho. "Msimwamshe."