Ufunguo Shingoni mwa Fundi

Ndugu zangu, nina jambo na naomba mnivumilie, maana limenifika hapa kooni.

Asubuhi katika duka letu la ushonaji ni wakati mtamu. Mashine mbili zinatazamana, yangu na ya mdogo wangu, pasi imeshika moto, na mdogo wangu anaimba nyimbo za kanisani huku mguu uko kwenye kanyagio. Akiimba, sauti yake haikwami hata kidogo. Akizungumza ndipo kazi inapoanza, kwa sababu ana kigugumizi tangu utotoni. Mteja akiuliza gauni lake litakuwa tayari lini, mimi ndiye ninayejibu. Yeye mtaa mzima unamwita Fundi, na kwa kweli kwa mkasi na sindano hana mpinzani.

Sasa sikilizeni. Aliyemfundisha Fundi kushona alikuwa mama kiziwi. Miaka yote ya kujifunza kazi walizungumza kwa mikono: kata hapa, fumua, umenipotezea kitambaa, njoo ule. Ndiyo maana lugha ya alama anaijua kuliko mtu yeyote hapa kwetu, na mikono yake haina kigugumizi.

Hapa kwetu wapo watoto viziwi kadhaa, na shule yao iko mbali mno. Fundi amekuwa akisema tangu usichana wake kwamba Mungu anamwita awafundishe. Sikusema mimi, alisema yeye. Alisimama kanisani akashuhudia, neno moja baada ya jingine, kwa tabu, hadi tukatokwa machozi. Mchungaji akampa ufunguo wa chumba cha nyuma ya kanisa. Madawati yalikuwamo. Ubao ulikuwamo. Fundi akaufunga ule ufunguo kwenye ncha ya utepe wa kupimia anaouvaa shingoni, akasema anamwomba Mungu ishara kwanza.

Haya. Akaomba mvua inyeshe siku ya ibada. Ikanyesha, akasema ni msimu wake. Akaomba mtu asiyemjua amtajie wale watoto. Akaja mteja mgeni kabisa, anapimwa kiuno, akauliza kama kuna mtu wa kuwafundisha viziwi. Fundi akaniambia huyo huenda alisikia mahali. Gideoni aliomba ishara mara mbili kisha akaenda vitani. Mdogo wangu yeye aliifanya kuwa ajira ya kudumu.

"Unaogopa nini hasa?" nikamuuliza siku moja.

"Ku-ku-kusimama. Kuongea."

"Watoto wenyewe hawasikii, wewe."

"Wa-wazazi wanasikia, dada. Watanicheka."

Nikarudi kupiga pasi, maana ningesema zaidi tungegombana mbele ya wateja. Na kikundi chetu cha maombi, Mungu anisamehe, ndicho kilichozidi kuniudhi. Kila tulipokutana walimshika mabega: usiharakishe, mpendwa, ngoja wakati wa Bwana. Wakati wa Bwana, na ufunguo uko shingoni. Hata mimi nilijibu amina, ingawa kwa meno niliyoyabana.

Miongoni mwa wale watoto viziwi alikuwamo binti wa mchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara, mtoto wa miaka mitano tuliyempachika jina la Kipepeo, kwa vile mikono yake haitulii. Alizoea kuja kukaa kizingitini kwetu, na Fundi alikuwa akimfundisha alama mbili tatu huku anatunga uzi. Nyumbani kwao hakuna aliyeelewa chochote. Mama yake alimpenda kama roho yake, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya kuvutana nguo na kuoneshana vidole.

Asubuhi moja Kipepeo aligoma kula. Mate yalimtoka, akawa anaunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara, analipeleka mdomoni, anashika shingo. Mama yake akaona duara, akadhani anataka biskuti. Akampa. Mtoto akaitema na kulia. Akabebwa hadi zahanati, muuguzi akaangalia koo, akasema ni mafindofindo, akampa dawa ya maji.

Walipita mbele ya duka letu wakienda, na Fundi aliwaona. Aliona na lile duara.

"Kuna ki-kitu anasema," akaniambia.

"Basi nenda kamuulize."

Akatazama foleni ya zahanati ya jirani iliyofika hadi nje. Akaushika ufunguo. "Ngoja kwanza ni-niombe," akasema, akarudi kwenye mashine. Kuomba si kosa, jamani, na mimi ni mtu wa maombi. Lakini ndugu msomaji, mtoto amebebwa mbele yako anakwambia jambo unaloweza kulisoma, halafu wewe unainamisha kichwa juu ya pindo la sketi?

Kesho yake tukasikia mtoto amepelekwa hospitali, anatapika damu. Nilizima pasi, nikamshika Fundi mkono, nikamburuta. Hakunibishia. Njia nzima alikuwa analia kimya kimya.

Wodi ilijaa watu. Daktari alikuwa anamuuliza mama mtoto amekula nini, na mama anajibu sijui, sijui, haongei. Kipepeo akamwona Fundi. Mikono yake ikaanza, midhaifu, lakini ikaanza. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda, akauliza kwa mikono, akajibiwa, akauliza tena. Kisha akasimama, uso umemwiva, watu wote wanamtazama.

"Da-da-da..." Akakwama. Nyuma yetu mtu mmoja akacheka chinichini.

Nilifungua mdomo nimsemee kama nilivyozoea, nikakumbuka kwamba sijui mtoto amesema nini. Hapo hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Akafumba macho, nikamsikia akinong'ona, "Bwana, u-uchukue ulimi huu hivi hivi ulivyo." Hakungoja jibu. Akafumbua macho.

"Daktari, a-a-amemeza ki-ki-kibetri. Cha ri-rimoti ya redio. Kile ba-ba-bapa, cha mviringo. Ta-tangu juzi jioni."

Ilichukua muda, na daktari alisubiri neno la mwisho. Lilipotoka, aliita watu, mtoto akakimbizwa kupigwa picha. Kibetri kilikuwa kimenasa katikati ya njia ya chakula. Kilitolewa, na Kipepeo yu hai, Mungu ni mwema. Lakini mle ndani palikuwa pameungua. Hadi leo anakula vya kusaga tu, na kila mara anarudishwa hospitali kutanuliwa koo. Daktari hakutuficha: kitu kile huunguza ndani ya saa chache, siku nzima ni nyingi mno.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la nje, mama wa Kipepeo aliutazama ule utepe shingoni mwa Fundi.

"Huo ndio ufunguo wa darasa?"

"Ndiyo."

"Umekuwa nao tangu lini?"

"Ta-tangu mwaka juzi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Fundi akainama. "Nilikuwa na-naomba."

Mama yule hakupandisha sauti. "Na mimi nilikuwa naomba," akasema. "Nilikuwa naomba mwalimu."

Jumatatu iliyofuata chumba cha nyuma ya kanisa kilifunguliwa. Kitasa kilikuwa kimeshika kutu, ikabidi mchomelea vyuma akigonge kwa nyundo. Wazazi walikuja, Fundi akasimama mbele yao akakwama kama kawaida, wakamsubiri. Kipepeo anakaa dawati la mbele na kikombe chake cha uji, na mama yake anakaa pembeni yake, anajifunza.

FUNZO

Wapendwa, kisa hiki si cha kumcheka Fundi. Nyumba zetu zimejaa funguo za namna hii. Mungu akikuita haahidi kukuondolea kigugumizi kwanza. Ujasiri haukumjia Fundi alipokuwa anangoja. Ulimjia alipofungua mdomo akiwa bado anatetemeka, akimwamini aliyemtuma. Ombeni, tena ombeni sana, lakini msiyafanye maombi kuwa mahali pa kujificha. Na nyinyi mnaoshika watu mabega mkiwaambia wangoje, nami nikiwamo, tuulizane kwanza ni nani mwingine anayengoja upande wa pili, na ana njaa kiasi gani.